Baiskeli za London, 1948

Leo tunakwenda London, kwenye Michezo ya Olimpiki ya mwaka 1948, na tutakaa upande wa baiskeli. Shangwe za Wembley, pale wanariadha Emil Zátopek na Fanny Blankers-Koen walipokuwa wakishangiliwa, tutaziachia siku nyingine.

Naanza na sheria moja ndogo. Kusini-magharibi mwa London kuna mbuga ya kifalme iitwayo Richmond Park, kubwa, yenye kulungu wanaojitembelea wapendavyo. Waandaaji walipokuwa wakitafuta mahali pa mbio za barabarani, waliitazama mbuga hiyo kwanza. Ni pazuri, pana vilima kiasi, na panaweza kufungwa. Tatizo likawa kwamba kanuni za mbuga zilikataza chombo chochote kwenda zaidi ya maili 20 kwa saa, yaani kama kilomita 32, na baiskeli nayo ilihesabiwa. Hakuna aliyepata njia ya kuilegeza kanuni hiyo hata kwa siku moja. Hapo dunia nzima inakuja London kushindana kwa kasi, na kasi yenyewe imepigwa marufuku. Mshindi wa mbio zile alikuja kwenda kwa wastani wa kilomita karibu 37 kwa saa, kwa muda wa saa tano na ushee. Angefanya hivyo Richmond, angestahili faini badala ya medali.

Mwishowe mbio zikahamishiwa Windsor Great Park, ardhi ya Mfalme. Nimeanza na kisa hiki kwa sababu ndani yake mna jambo zima ninalotaka kulisema leo. Waingereza mwaka ule walikuwa na miguu. Waliokuwa wakiwakaba ni wakubwa wao wenyewe, watu wa vyama na kanuni, waliokuwa wameiogopa barabara kwa zaidi ya miaka 50.

Hofu hiyo ilianzaje? Turudi nyuma, Julai 1894, kwenye barabara kuu ya kaskazini, ile Great North Road. Waendesha baiskeli wachache walikuwa wakishindana, wakakutana na gari la farasi lililoendeshwa na mwanamke. Farasi akashtuka, watu wakaanguka mtaroni, malalamiko yakafika polisi. Miongoni mwa waliokuwa kwenye mbio hizo alikuwamo F. T. Bidlake, mtu mashuhuri katika mchezo wakati ule. Chama cha taifa cha waendesha baiskeli, NCU, kikaona bora kujinyima kabla ya kunyimwa, kikapiga marufuku mbio za barabarani. Kilihofia kwamba wenye magari ya farasi na wabunge wangekuja kuwafukuza waendesha baiskeli barabarani kabisa. Kwa mwaka ule, hofu ile ilikuwa na maana yake. Siwalaumu kwa 1894.

Bidlake mwenyewe ndiye aliyekuja na njia ya kupenyea. Watu washindane na saa. Anaondoka mmoja, dakika moja inapita, anaondoka wa pili. Akitokea askari, anachokiona ni mtu mmoja tu anayeendesha baiskeli yake kwa haraka zake. Na ili askari asione hata hicho, wakaanza kushindana alfajiri, wamevaa nguo nyeusi kuanzia shingoni hadi vifundoni, bila namba za kuonekana. Njia za mashindano hazikutajwa kwa majina ya miji, zilipewa herufi na tarakimu. Anayetaka kushindana anajua, asiyehusika asijue. Mchezo wa taifa zima ukawa unachezwa kwa kunyatia.

Mtindo huo ulizaa watu wenye mapafu ya ajabu. Mtu aliyezoea kupambana na upepo peke yake, maili 25, maili 50, maili 100, bila mwenzake wa kumsaidia, huyo si mtu wa mchezo. Lakini mbio za barabarani za Ulaya bara zilikuwa kitu kingine. Kule wanaondoka wote pamoja, mia na zaidi. Aliyetangulia anapasua upepo, aliye nyuma yake anapumzika kwenye kivuli chake, na mjanja ni yule anayejua lini atoke kivulini. Kuna kuvizia, kuna kujifanya umechoka, kuna kumtazama mwenzako anavyokanyaga ukajua kwamba zimebaki dakika mbili aachie. Hayo hufundishwi na saa. Unafundishwa na kundi, na Mwingereza alikuwa amezuiwa kuingia kwenye kundi katika barabara za nchi yake. Alichoruhusiwa ni kuzunguka kwenye viwanja vya mbio za magari, au kuvuka maji kwenda Isle of Man.

Alitokea mtu mmoja mbishi, Percy Stallard wa Wolverhampton. Alikuwa amekwenda kushindana Ufaransa na Ujerumani miaka ya 1930, akaona wenzao wanavyofanya. Vita vilipokuja na petroli ikawa ya mgawo, barabara za Uingereza zikabaki tupu, naye akasema wakati ndio huu. Tarehe 7 Juni 1942 aliandaa mbio kutoka Llangollen, kule Wales, hadi kwao Wolverhampton, maili 59, wote wakiondoka pamoja. Polisi waliridhia, hata wakasaidia. Watu walijaa mwishoni kutazama. Fedha zilizopatikana zikaenda kwenye mfuko wa kuwafariji wanajeshi. Haikutokea rabsha yoyote. NCU wakamfungia Stallard na wenzake. Naye, mwishoni mwa mwaka uleule, akashiriki kuunda chama kingine, BLRC, na tangu hapo wapanda baiskeli wa Uingereza wakawa kambi mbili zisizoamkiana.

Sasa fikiria hali ilivyokuwa ilipofika 1948. Chama kilichotambuliwa kimataifa ni NCU. Timu ya Olimpiki inachaguliwa kupitia NCU. Ukiwa mtu wa BLRC, ambako ndiko watu waliokuwa wakishindana barabarani kila Jumapili walikokuwa, mlango umefungwa. Nchi inaandaa mbio za barabarani za Olimpiki huku watu wake wenye uzoefu mwingi wa mbio hizo wako nje ya chama.

Na hali ya nchi yenyewe, msikilizaji, ilikuwa ya dhiki. Vita vimeisha miaka mitatu tu. Mkate ulikuwa wa mgawo hadi tarehe 24 Julai, siku tano kabla ya Michezo kufunguliwa. Wanamichezo walipewa mgawo wa chakula sawa na wa makuli wa bandarini na wachimba makaa. Hawakujengewa kijiji. Wanaume walilazwa kwenye kambi za jeshi, wanawake vyuoni, na kila mtu aliambiwa aje na taulo lake. Ujerumani na Japani hazikualikwa. Nchi 59 zilikuja, na mbio za baiskeli zilikuwa za wanaume tu. Wanawake walisubiri hadi 1984.

Mbio za uwanjani zilifanyika Herne Hill, kusini mwa London, kwenye uwanja uliokuwepo tangu 1891. Duara lake ni refu, karibu mita 450, na kona zake hazikuinuka sana kama za viwanja vya mbao vya siku hizi. Hapakuwa na taa. Kumbuka hilo la taa, tutalihitaji.

Kwa wasioujua mchezo huu, baiskeli ya uwanjani ni chuma kitupu. Haina breki. Haina giya za kubadilisha. Wala haina friwili, ile inayokuwezesha kuacha kukanyaga ukateleza bure. Gurudumu la nyuma likizunguka, pedali zinazunguka, miguu inazunguka, upende usipende. Ukitaka kupunguza mwendo unaikaza miguu dhidi ya pedali. Anayewatazama vijana wa bodaboda za baiskeli wakishuka mlima breki zimekatika anaweza kupata picha kidogo.

Katika mbio fupi za watu wawili, zile za mita 1,000, mgeni wa mchezo hushangaa. Ishara ya kuanza inatolewa, na badala ya kuchomoka, wote wawili wanakwenda mwendo wa kumsindikiza mgeni. Kila mmoja anataka mwenzake atangulie. Wakati mwingine mmoja anasimama kabisa, gurudumu la mbele amelikata pembeni, anapima uzani wake juu ya pedali, mwili unatetemeka kidogo lakini mguu haugusi chini. Anamlazimisha mwenzake apite. Anayepita amekosa, kwa sababu sasa ana macho ya adui mgongoni na upepo usoni. Saa inahesabu mita 200 za mwisho tu. Ndipo mmoja anapolipuka, na yote yanakwisha kwa sekunde kumi na kitu.

Bingwa wa mchezo huo, kwa upande wa ridhaa, alikuwa Mwingereza, Reg Harris, kutoka karibu na Bury, Lancashire. Wakati wa vita alikuwa dereva wa kifaru Afrika Kaskazini. Alijeruhiwa, akarudishwa nyumbani kwamba hafai tena kwa jeshi. Mwaka 1947 akatwaa ubingwa wa dunia mjini Paris. Ilipokaribia Olimpiki, Uingereza yote ilikuwa imeshamhesabia dhahabu, pengine tatu.

Kisha yakaja mabalaa. Miezi michache kabla ya Michezo alipata ajali ya gari, pingili mbili za uti wa mgongo zikavunjika. Akapona kwa namna ambayo madaktari hawakuitegemea, akarudi kwenye baiskeli, na wiki chache kabla ya siku yenyewe akaanguka mashindanoni akavunjika kiwiko. Hilo ni la Mungu, halina mtu wa kulaumiwa. Lakini la tatu lilikuwa na mwenyewe. Wakubwa wa timu walitaka wachezaji wote wakae pamoja Herne Hill. Harris, mkono ukiwa bado mbovu, alitaka kujinoa kwenye uwanja wa Fallowfield, Manchester, anaoujua na anakojulikana. Wakamtema. Bingwa wa dunia, nchini kwake, kwa sababu ya mahali pa kufanyia mazoezi! Magazeti yakapiga kelele, na wakamrudisha baada ya kumtaka athibitishe kwamba bado ni mzima. Tuseme kweli. Mtu aliyevunjika mgongo mwaka huohuo hukumtakia hayo.

Fainali alikutana na Mario Ghella wa Italia, kijana wa miaka 19. Watazamaji wa Herne Hill walikuja kuona Harris akishinda. Ghella hakuwa na habari hiyo. Mara ya kwanza alichomoka wakati Harris hajajiweka sawa, pengo likawa kubwa. Mara ya pili vilevile, ikaisha mbili kwa sifuri. Na asije mtu akasema Ghella alibahatisha, kwa kuwa katika mwezi huohuo wa Agosti alikwenda Amsterdam akautwaa na ubingwa wa dunia wa ridhaa.

Harris akabaki na tandemu, ile baiskeli ya watu wawili, akiwa na Alan Bannister. Mita 2,000. Tandemu ni hatari kuliko jina lake. Wa mbele anashika usukani na ndiye anayeona, wa nyuma anakanyaga akimwamini mwenzake, na uzito wa watu wawili unaingia kwenye kona kwa kasi ya gari. Fainali ilikuwa dhidi ya Waitalia, Renato Perona na Ferdinando Terruzzi. Ratiba ya siku ilikuwa imechelewa. Timu zikagawana mbio mbili za kwanza, ikabidi iwepo ya tatu, na jua lilikuwa limeshazama. Hapo ndipo lile la taa linapoingia. Baiskeli mbili za watu wawili zisizo na breki, zikikimbia giza la magharibi, watazamaji wanasikia mlio wa tairi kwenye zege kuliko wanavyoona. Waitalia walipita mstari mbele kwa nafasi ndogo sana, isiyofika hata urefu wa gurudumu. Harris medali ya fedha ya pili.

Kwenye mbio za mtu mmoja mmoja za kilomita moja, Jacques Dupont wa Ufaransa alishinda kwa dakika 1 na sekunde 13.5. Mbelgiji Pierre Nihant akawa wa pili, na wa tatu Tommy Godwin wa Uingereza, sekunde moja na nusu nyuma ya Dupont. Godwin alizaliwa Connecticut, Marekani, kwa wazazi Waingereza, akakulia Birmingham, na mwaka ule alikuwa fundi umeme kwenye kiwanda cha BSA. Ridhaa ya siku zile ilikuwa ridhaa kweli. Mtu anatoka kazini ndipo afanye mazoezi.

Lakini mbio zilizonikaa kichwani ni za kufukuzana, watu wanne kwa wanne, mita 4,000. Timu moja inaanzia upande huu wa uwanja, nyingine upande ule, na kila moja inapokezana uongozi, mmoja akipasua upepo kisha anapanda juu ya kona na kushuka kwenye mkia wa wenzake. Wafaransa waliwatoa Waingereza nusu fainali, wakaenda kuwachapa Waitalia kwenye fainali kwa dakika 4 na sekunde 57.8. Waingereza wakarudi kugombea nafasi ya tatu na Uruguay. Walitumia dakika 4 na sekunde 55.8. Sekunde mbili kamili chini ya mabingwa, na wamevaa shaba. Nikisema walikuwa na miguu, namaanisha hiyo. Kilichowapungukia ni kuitoa miguu hiyo siku inayotakiwa, mbele ya mtu anayetakiwa.

Wafaransa wale wanne walikuwa Charles Coste, Serge Blusson, Fernand Decanali na Pierre Adam. Coste alisimulia uzeeni kwamba waliposimama kupokea dhahabu, wimbo wao wa taifa haukupigwa. Wenyeji walisema santuri haikuonekana. Huyo Coste mwaka uliofuata alimshinda Fausto Coppi mwenyewe kwenye Grand Prix des Nations, mwaka ambao Coppi alikuwa ametwaa Tour de France. Na ndiye yule mzee wa miaka 100 tuliyemwona Paris mwaka 2024, kwenye kiti cha magurudumu, mvua inanyesha, akiukabidhi mwenge kwa Teddy Riner na Marie-José Pérec. Alifariki mwaka uliofuata.

Nchi zetu za Afrika Mashariki hazikuwepo Herne Hill. Kenya na Uganda ziliingia Olimpiki kwa mara ya kwanza Melbourne, 1956, na Tanganyika Tokyo, 1964. Ila vyuma vya wale jamaa tulikuwa navyo. Harris alipoachana na ridhaa, kampuni ya Raleigh ya Nottingham ilimchukua, ikabandika uso wake kwenye matangazo yake, na akaanza kushinda ubingwa wa dunia wa wanaolipwa: 1949, 1950, 1951, na tena 1954. Kwa hiyo kama kwenu kulikuwa na Raleigh ya babu, ile nyeusi yenye breki za vyuma na keria ya kubebea gunia, ujue kampuni iliyoiunda ndiyo iliyokuwa ikimlipa dereva wa kifaru wa Lancashire. Na kama ilikuwa BSA, basi ilitoka kwa waajiri wa Godwin. Uingereza ya baada ya vita ilikuwa na njaa ya fedha za kigeni, ikisafirisha baiskeli kwa maelfu kwa maelfu huku watu wake wakisubiri.

Twende Windsor sasa. Ijumaa, tarehe 13 Agosti. Wenye kuogopa tarehe kama hiyo wangebaki kitandani. Mzunguko wa kilomita 11 na nusu hivi, mara 17, jumla karibu kilomita 195. Zaidi ya washindani mia moja wakaondoka pamoja. Na mvua ikanyesha.

Mvua kwenye mbio za baiskeli ina ubaya wake usioonekana kwa mbali. Maji yanaviosha vijiwe vidogo vyenye makali kutoka pembeni na kuvitandaza katikati ya njia, na maji hayohayo yanavilainishia kazi ya kupenya kwenye tairi. Tairi za mbio zile zilikuwa nyembamba, zimeshonwa kabisa na tyubu ndani yake na kubandikwa kwenye rimu kwa gundi. Ukipata pancha hukai chini na kiraka. Unaing'oa nzima kwa vidole vilivyokufa ganzi, unaivisha nyingine uliyokuwa umeivaa mabegani, unaipa upepo kwa pampu, huku kundi linaondoka. Siku ile zilipasuka moja baada ya nyingine, na washindani wengi hawakumaliza.

Waliobaki mbele mwishoni walikuwa wachache. Mfaransa José Beyaert, Mholanzi Gerrit Voorting, Wabelgiji Lode Wouters na Leon De Lathouwer, na wengine wawili watatu. Kila mmoja alikuwa akihifadhi nguvu kwa ajili ya mita za mwisho. Wanatazamana. Na katika kutazamana huko, Beyaert, aliyewahi kuwa bondia na ambaye hakuwa mwepesi kuliko wote kwa mbio za mstarini, aliondoka mapema, kabla hawajamtegemea. Kila mmoja wa waliobaki alingoja mwenzake ndiye amfukuze. Hesabu hiyo ikampa Beyaert sekunde tatu nukta sita, na dhahabu. Voorting akawa wa pili, Wouters wa tatu. Voorting mtamkumbuka wapenzi wa Tour de France, kwani baadaye aliwahi kuivaa jezi ya njano.

Bob Maitland wa Uingereza alimaliza wa sita. Hesabu ya timu ilifanywa kwa kujumlisha muda wa watu watatu bora wa kila nchi. Ubelgiji ya kwanza, Uingereza ya pili, Ufaransa ya tatu. Uingereza iliitangulia Ufaransa kwa karibu dakika tano! Kwa nguvu za jumla, basi, wale watu wa alfajiri na nguo nyeusi waliwazidi watu wa nchi ya Tour de France. Lakini aliyejua lini atoke kivulini alikuwa Mfaransa. Mimi sioni ushahidi ulio wazi kuliko huo.

Wabelgiji nao wana kichekesho chao. Hesabu za timu zilichukua muda, hakuna aliyewaambia kwamba wameshinda, wakafunga mizigo wakaondoka kabla ya sherehe. Eugène Van Roosbroeck, mmoja wa wale watatu, alikuja kukabidhiwa medali yake ya dhahabu mwaka 2010, miaka 62 baadaye. Nchi iliyotunga kanuni za kuwaadhibu waliokimbia barabarani ilikosa mtu wa kukimbilia stesheni kuwaita mabingwa.

Beyaert alikuwa na maisha ambayo mtunzi wa riwaya angeonekana amezidisha. Mwaka 1951 alialikwa Bogotá, Kolombia, akapapenda, akabaki. Mwaka 1952 akashinda Vuelta a Colombia, mbio kubwa za nchi hiyo, kwenye milima ambako hewa ni nyembamba na njia ni tope. Akawafundisha vijana wa kule, akafanya biashara za kila namna, zumaridi zikiwemo, na sifa zake nyingine si za kusimuliwa wakati watoto wanasikiliza. Alirudi Ufaransa uzeeni, akafia huko mwaka 2005. Dupont naye, yule wa kilomita moja, alishuka kutoka uwanjani akaenda Windsor, akatoka na shaba ya timu, kisha akashinda Paris–Tours mara mbili. Mfaransa mmoja, uwanjani Agosti 11 na barabarani Agosti 13. Kwao hapakuwa na ukuta kati ya uwanja na barabara. Mtu ni mwendesha baiskeli, basi.

Najua atatokea msikilizaji aseme nawaonea NCU. Harris alivunjika mgongo, chama hakikumgonga. Ghella alikuwa moto wa kuotea mbali. Giza la Herne Hill liliwafunika wote. Ni kweli, na Mwingereza aliyepata fedha tatu na shaba mbili katika mashindano yenye medali sita za dhahabu hakufanya vibaya. Jibu langu ni kwamba hakuna dhahabu hata moja, nyumbani kwake, akiwa na timu iliyokimbia haraka kuliko mabingwa na kikosi cha barabarani kilichoizidi Ufaransa. Bahati mbaya huja mara moja, mara mbili. Ikikutia mkononi kila mahali, tazama nani aliyepanga nyumba.

Kambi zile mbili ziliendelea kutukanana kwa zaidi ya miaka kumi. Mwaka 1959 NCU na BLRC zikaungana na kuwa chama kimoja, na mwaka 1960 serikali ikatoa kanuni za kuruhusu mbio za baiskeli barabarani, zikisema wangapi na kwa masharti gani. Jambo ambalo Stallard alifungiwa kwa kulifanya sasa likawa na karatasi ya serikali. Ungedhani mzee alifanya sherehe. Hakufanya. BLRC ilikuwa imeshamkorofisha na kumtoa yeye mwenyewe, muanzilishi wake, na muungano ule aliuona kuwa usaliti, kwamba wenzake wamewauzia ushindi watu walewale waliowafungia. Aliishi hadi mwaka 2001, akafariki akiwa na miaka 92, na hakuwa amewasamehe.